Nani Aliyemvua Samaki Yule?

Msomaji, ukiingia katika hoteli na vilabu vya pwani ya Kenya, toka Kilifi na Watamu hata Malindi, aghalabu utaona ukutani picha za namna moja. Samaki mkubwa ametundikwa kwa mkia, mdomo wake mrefu kama sime umeelekea chini. Kando yake amesimama mtu mwenye kofia, ameshika ufito wa kuvulia, naye anacheka. Chini ya picha pameandikwa jina la mtu huyo, aina ya samaki, uzito wake na tarehe. Nyuma yao, nusu ndani ya kivuli, wapo watu wawili au watatu ambao hawakuandikwa. Nauliza swali moja, na jibu lake nitalishikilia mpaka mwisho: ni nani aliyemvua samaki yule?

Nasema ni nahodha na mabaharia wake. Mwenye kofia alimvuta tu.

Pengine wewe unasoma Nairobi, tuseme katika mtaa wa Mountain View kando ya Barabara ya Waiyaki, na bahari kwako ni jambo la likizo na la ramani. Utasema ugomvi wa picha za Malindi haukuhusu. Basi fungua hiyo ramani. Mto Nairobi huanzia katika kinamasi cha Ondiri huko Kikuyu, ukapita bonde lililo chini ya Kangemi, si mbali na kwenu, ukakata mji, ukaingia mto Athi. Athi ukishuka nyikani huitwa Galana, na ukikaribia pwani huitwa Sabaki, kisha humwagika katika Bahari ya Hindi kaskazini kidogo ya mji wa Malindi. Maji yaliyoteremka kutoka katika paa la shule yako yana njia ya kufika mahali penyewe ninapopataja, na baadaye nitakuonyesha kwamba nahodha wa Malindi huyasoma maji hayo kama wewe usomavyo kitabu. Tena wewe ndiwe utakayeandika kesho. Utaandika magazeti, mikataba, sheria, na hata maneno yanayotiwa chini ya picha. Afadhali ujue mapema unaandika habari za nani.

Kwa asiyeujua mchezo huu, nieleze kwa ufupi. Mtu hukodi mashua ya injini kwa siku moja au nusu siku, pamoja na nahodha na mabaharia wake. Chombo hutoka nje ya mwamba mpaka kilindini, na huko hurambaza, yaani chambo hukokotwa nyuma ya chombo kinachokwenda, kwa kuwatafuta sulisuli, nduaro, jodari, fulusi na nguru. Au chombo husimamishwa juu ya mwamba uliozama, mishipi yenye chubwi ikateremshwa kwa ajili ya tewa na changu. Katika nchi za kaskazini ya dunia, kama Alaska, watu hukodi vyombo vivyo hivyo wakati wa kiangazi chao, kati ya Juni na Agosti, ili kuvua samoni na samaki wa chini. Kwetu miezi hiyo ni ya kusi. Bahari ni nzito, na vyombo vingi huvutwa pwani. Msimu wetu mkubwa huja na kaskazi, tangu mwisho wa mwaka hata mwezi wa Machi.

Mchezo wenyewe si mgeni tena katika nchi hii. Mwandishi Mmarekani Ernest Hemingway, baada ya kuwinda Tanganyika, alivua Malindi mapema mwaka 1934. Mwaka 1954, baada ya kuokoka katika ajali mbili za ndege huko Uganda, alifika Shimoni, kusini ya Mombasa, kwa ajili ya uvuvi huo huo. Bwana huyu alikuwa mgeni mwenye kulipa, na picha zake akiwa kando ya samaki wakubwa ni nyingi. Lakini kitabu chake cha mwaka 1952, ambacho kilitajwa alipopewa Tuzo ya Nobel mwaka 1954, hakikumfanya mgeni mwenye kulipa kuwa shujaa. Shujaa wake ni mzee maskini wa Cuba, mvuvi wa mshipi wa mkono. Kalamu yake ilikiri jambo ambalo picha zake hazikulikiri.

Siku hizi mwenye kofia si Mzungu peke yake. Mfanyabiashara wa Nairobi naye hukodi chombo, naye hupigwa picha, naye husahau. Usidhani, basi, kwamba nagombana na rangi ya mtu. Nagombana na desturi.

Tazama jinsi kazi inavyogawanyika. Mgeni huamka alfajiri, hunywa chai, hupanda chomboni. Nahodha yeye alianza jana. Aliutazama mwezi, maana mkondo wa bamvua si mkondo wa maji mafu. Alitazama ndege wa baharini wamekusanyika upande gani. Jioni aliwauliza wavuvi wa mitumbwi na ngalawa wamepata nini na wamepatia wapi, na kwa kuwa ni jamaa zake walimjibu, pengine kwa kumficha kidogo. Baharia wake alikata chambo, akanoa ndoana, akakagua kila fundo, kwa sababu fundo moja bovu huharibu kazi ya mwezi mzima. Wakiwa baharini nahodha ndiye achaguaye njia na mwendo, na kila chambo kielee umbali gani nyuma ya chombo. Saa tatu hupita, saa nne hupita. Mgeni amesinzia, au anatapika. Wa kwanza kuliona pezi likipasua maji ni baharia aliyesimama juu. Samaki anashika, kelele zinapigwa, mgeni anaamshwa na kutiwa ufito mkononi.

Kuanzia hapo anavuta. Huenda ikawa dakika ishirini, huenda ikawa saa nzima na zaidi, na hutoka jasho kwelikweli. Sitamnyima jasho lake. Lakini hata wakati huo chombo kinarudi nyuma, kinageuka, kinamfuata samaki aliko, na mshipi usingedumu kama aliye kwenye usukani hangejua sulisuli hufanya nini anapozama na nini anaporuka. Mwishoni, samaki akiwa ubavuni mwa chombo, baharia huushika uzi wa mwisho kwa mkono. Hapo ndipo penye hatari kuliko pote. Mnyama mwenye nguvu na mdomo wa sime yu hai kabisa, na mabaharia duniani wamepata kujeruhiwa, wengine kukokotwa na kutupwa majini, kwa kushika uzi huo. Kisha picha hupigwa.

Iko kanuni inayoilinda desturi hii. Mwaka 1939 kiliundwa huko New York chama cha kimataifa cha wavuvi wa mchezo, kijulikanacho kwa herufi IGFA, nacho huweka orodha ya samaki wakubwa waliopata kuvuliwa duniani. Kanuni zake zasema kwamba tangu samaki anaposhika ndoana, mtu mwingine akigusa ufito au gurudumu la mshipi, samaki huyo hatahesabiwa. Kama kanuni ya mchezo, siipingi. Mpira wa miguu nao una kanuni ya mikono. Ubaya huanza kanuni inapotoka uwanjani na kujifanya maana ya neno. Watu wameiacha ituambie kwamba uvuvi huanza samaki anaposhika ndoana, kana kwamba mkulima ni yule aliyefika siku ya mavuno akavunja hindi moja.

Nataka nikae kidogo juu ya maarifa yenyewe, kwa sababu najua katika shule zetu husemwa kuwa uvuvi ni kazi ya aliyeshindwa na masomo. Chukua mwamba uliozama mbali na pwani, wenye tewa na changu tele. Juu yake hakuna alama yoyote. Maji ni maji. Utaurudiaje kesho, na mwezi ujao, na mwaka ujao? Mvuvi hutazama nchi kavu. Huupanga mnazi fulani sawasawa na kilele cha kilima kilicho nyuma yake, na huo ni mstari mmoja. Hugeuza uso upande mwingine, akaupanga mnara wa msikiti sawasawa na pengo la miti iliyo nyuma yake, na huo ni mstari wa pili. Mistari miwili iliyonyoka hukutana mahali pamoja tu, na hapo ndipo anapotia nanga. Jambo hilo wewe ulifundishwa kwa penseli na rula, ukapewa alama. Yeye alifundishwa na baba yake au mjomba wake, bila penseli, chombo kikiyumba, naye amehifadhi kichwani makutano mengi ya namna hiyo, kila moja na samaki wake na msimu wake. Mengine hawaambii hata binamu zake.

Au chukua mikondo. Wakati wa kaskazi mkondo wa Somalia hugeuka ukatiririka kusini, nao mkondo wa pwani ya Afrika Mashariki huja kutoka kusini ukielekea kaskazini. Hukutana mbele ya pwani ya kaskazini ya Kenya, na katika sehemu hizo, penye miinuko ya chini ya bahari iitwayo North Kenya Bank, chakula cha samaki wadogo huwa kingi, na wakubwa huwafuata wadogo. Wataalamu wameyapima hayo kwa meli na mitambo, nami nawaheshimu kwa kazi yao. Lakini wavuvi wa pwani hawakungoja kipimo ili wajue mwezi wa kwenda.

Sasa nirudi kwenye maji yenu. Mvua kubwa zikinyesha bara, Sabaki huja na udongo, na bahari ya Malindi hugeuka rangi ya chai ya maziwa. Mgeni akiamka akaiona hununa, akadhani siku imeharibika. Nahodha hufanya hesabu nyingine. Haingii ndani ya tope, wala hakimbilii mbali bila kufikiri, hutafuta mpaka. Uko mstari ambapo maji ya udongo hukutana na maji ya buluu, unaoonekana kama umechorwa, na juu yake hukusanyika magogo, majani na povu. Samaki wadogo hujificha chini ya takataka hizo, na fulusi huja kuwawinda. Nahodha huufuata mstari huo kama mtu anayetembea ukingoni mwa barabara. Katika udongo ule mna mashamba ya Ukambani, na, kwa aibu yetu, mna taka za Nairobi pia. Yeye anajua kwamba kwenu kulinyesha. Wewe hukujua kwamba yuko.

Atasema mtu: hayo ni mambo ya wazee, mashua ya leo ina mtambo unaopokea ishara za setilaiti na kumwonyesha nahodha mahali alipo, na mwingine unaochora sakafu ya bahari kwa mwangwi. Ni kweli, na ni mitambo mizuri, nayo imeokoa maisha ya watu. Lakini mtambo hukuonyesha mahali ulipo. Haukuambii mahali pa kwenda. Huchora mwamba, wala haukuambii kwamba tewa wa mwamba huo hawali chambo mkondo ukiwa mkali. Tena uliza: zile alama zilizohifadhiwa ndani ya mtambo, zinazoonyesha hapa pana samaki na pale pana samaki, ni nani aliyezitia? Aghalabu ni nahodha, kutoka kichwani mwake na kichwani mwa baba yake. Akiondoka kazini, mtambo hubaki na mwenye chombo. Ndipo napata hofu, maana mali ya ukoo mzima yaweza kuhamishwa kwa kidole kimoja, bila malipo na bila asante.

Mwingine atasema: mgeni amelipa, na mwenye kulipa ndiye mwenye samaki. Nakubali kwamba amelipa, na fedha zake zina baraka kwa watu wengi wa Watamu na Malindi. Bila yeye vyombo vile visingetoka. Lakini anayemlipa fundi cherehani hupata koti. Hapati haki ya kusema kwamba amelishona. Fedha zilinunua siku moja baharini, mafuta, chambo, na ustadi wa watu. Hazikununua ukweli wa maneno yaliyo chini ya picha.

Malindi, kwa kweli, ni mji wenye kumbukumbu ya zamani ya jambo hili. Juu ya jabali la pwani iko nguzo ya Vasco da Gama, na wanafunzi wa Nairobi wanapopelekwa pwani hupigwa picha mbele yake. Mreno huyo alifika Malindi mwezi wa Aprili, mwaka 1498. Mfalme wa mji alimpa rubani. Wakang'oa nanga tarehe 24 Aprili, na tarehe 20 Mei walikuwa mbele ya Calicut, huko India. Wareno hao hawakuwa wamepata kuivuka bahari ile. Aliyeivuka, kwa maana ya kujua njia, alikuwa rubani. Jina lake nani? Wengine walimtaja Ahmad ibn Majid, bingwa wa Kiarabu wa elimu ya bahari, lakini wanahistoria wengi leo hawalikubali hilo. Wengine husema alikuwa Mgujarati. Jina la aliyeongozwa liko katika kila kitabu cha historia shuleni. Jina la aliyeongoza linabishaniwa hata sasa, miaka zaidi ya mia tano imepita.

Wala usiniambie kwamba dunia haiwezi kufanya vinginevyo. Tarehe 29 Mei, mwaka 1953, watu wawili walifika kilele cha Everest: Edmund Hillary wa New Zealand, na Tenzing Norgay, Msherpa aliyezoea milima ile tangu utoto. Heshima walizopewa hazikulingana, maana mmoja alifanywa Sir na mwingine akapewa nishani. Lakini majina yalitangazwa pamoja, na walipoulizwa ni mguu wa nani uliotangulia, mwanzoni walijibu kwamba walifika pamoja. Leo hakuna mtu anayeona ajabu kuyataja majina hayo mawili kwa pumzi moja. Kama mlima umeweza, bahari ina udhuru gani?

Utaniuliza kama nahodha mwenyewe analitaka jina, au anataka ujira. Anataka vyote viwili, na hivyo viwili havitengani. Kazi hii ni ya msimu. Kusi inapovuma chombo kiko juu ya mchanga, na aliyeishi kwa siku za baharini na bakshishi hutazama mawimbi tu. Akitaka kuhamia chombo kikubwa zaidi, au kukopa fedha ili anunue cha kwake, ataulizwa ushahidi wa ustadi wake. Ataonyesha nini? Ataonyesha picha ambamo yeye ni kivuli nyuma ya kofia. Laiti kila samaki angeandikiwa jina la aliyemtafuta, nahodha wa miaka ishirini angekuwa na kitabu kizima cha kuweka juu ya meza ya benki. Na kijana wa Watamu anayesitasita kati ya usukani wa mashua na usukani wa bodaboda angekuwa na kitu cha kupimia. Sasa hivi anaona wazee wake wana maarifa mengi na hawana karatasi, na anafanya uamuzi ambao mimi siwezi kumlaumu.

Haki isemwe: yapo mashindano ya uvuvi ambayo humtuza nahodha pamoja na mgeni. Basi jambo linawezekana, nami sidai zaidi ya kwamba liwe desturi. Na haki nyingine isemwe, kwa sifa ya wavuvi wa mchezo: sulisuli na nduaro wengi siku hizi hawatundikwi tena. Hutiwa alama ndogo mwilini na kuachwa waende zao, ili wakipatikana tena mahali pengine ijulikane wamesafiri wapi na wamekua kiasi gani. Kazi hiyo kwa miaka mingi imesimamiwa na shirika la African Billfish Foundation lililoko Watamu. Lakini hata hapa, mwenye kuinama ubavuni mwa chombo na kuitia alama ile mahali panapofaa, bila kumwumiza samaki bure, mara nyingi ni baharia. Elimu ya sayansi nayo imeegemea mkono wake, na picha ya samaki hai akiachwa majini ina nafasi ya kutosha kuandikwa majina matatu.

Likizo ijayo, kama shule yako itakwenda Malindi, mtapelekwa kwenye nguzo. Nendeni, ni mahali pazuri. Mkitoka hapo, mwombeni mwalimu awaruhusu kuteremka ufukoni saa kumi jioni, vyombo vinaporudi. Mwenye kofia atakuwa tayari kuzungumza, na mazungumzo yake yatakuwa matamu. Mwacheni. Mngojeeni yule anayeosha sitaha kwa ndoo, na yule aliyeketi kwenye usukani akihesabu mafuta yaliyobaki. Kama ni wazee, semeni shikamoo kabla ya neno jingine lolote. Waulizeni majina yao, na ni nani aliyewafundisha, na leo wamepita njia gani, na kwa nini hiyo wala si nyingine. Andikeni daftarini kama watakavyotamka, jina la mtu, la baba yake na la babu yake, na mkirudi Nairobi bandikeni karatasi hiyo ubaoni kando ya picha ya nguzo.